Mwenye Kipaza Sauti Msibani



Leo tumzungumzie mtu ambaye kila msiba wa Kyela unamtegemea, na msiba ukiisha hakuna anayemtaja. Simsemi mchungaji, wala shehe, wala vijana wa kaburi. Namsema yule anayesimama chini ya turubai, ratiba mkono mmoja, kipaza sauti mkono wa pili, akitangaza: "Ndugu waombolezaji, tunaomba utulivu. Sasa namkaribisha mwakilishi wa familia atusomee wasifu wa marehemu." Vijana wanamwita MC. Wazee wa upande wa Ipinda wanasema tu "anayeongoza msiba", basi. Mara nyingi ni mwalimu mstaafu au kiongozi wa kitongoji. Siku hizi anaweza pia kuwa kijana wa mjini ambaye Jumamosi iliyopita alikuwa ukumbini anaongoza harusi, na ukimsikiliza vizuri unagundua kwamba sauti yake bado haijatoka harusini.

Ziko nchi ambako kazi hii ina cheo na mafunzo yake. Mwaka 1973 Mwanasheria Mkuu wa Australia, Lionel Murphy, alianza kuwateua raia wa kawaida wafungishe ndoa za watu wasiotaka kwenda kanisani, na akataka zifungwe kwa heshima, si kwa kugongewa muhuri ofisini kama leseni ya duka. Haukupita muda mrefu familia zikaanza kuwarudia watu wale wale na ombi jingine: tuongozeeni na mazishi. Kazi ikazaliwa hivyo, ikaenea mpaka Uingereza na kwingineko. Anayeifanya huenda nyumbani kwa wafiwa, akakaa nao saa mbili tatu, akauliza na kuandika. Kabla ya siku ya mazishi huwasomea alichoandika, nao humwambia: hapo umekosea, baba hakuwa mpole kiasi hicho. Anarekebisha. Sala ikitakiwa ipo, isipotakiwa haipo. Wenye msiba ndio wanaoamua.

Msikilizaji wangu wa Matema atanijibu: hayo ni mambo ya watu waliokimbia makanisa, sisi hatujakimbia. Ni kweli. Huku bondeni, kutoka Kasumulu mpaka Mwaya, Jumapili huwezi kukosa kwaya. Lakini mimi sizungumzii sala leo. Nazungumzia zile saa mbili tatu za kukaa na kuuliza. Katika misiba yetu saa hizo ziko wapi?

Tuanzie nyuma kidogo, maana Kyela ina bahati ya kuwa na kumbukumbu iliyoandikwa. Kati ya 1934 na 1938, wakati bonde hili lote likihesabiwa kuwa Wilaya ya Rungwe, mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, waliishi miongoni mwa Wanyakyusa wakisoma maisha yao. Bwana Wilson alivutwa hasa na misiba. Alihudhuria mingi, na mwaka 1939 akachapisha makala ndefu kuhusu desturi zetu za mazishi. Alichokiona ni kilio na ngoma kwa pamoja. Wanawake wanamlilia marehemu. Wanaume, hasa vijana, wako nje na mikuki yao wanacheza ile ngoma ya msibani, ukukina, ngoma ya vita ambayo mara nyingine iligeuka ugomvi wa kweli. Ng'ombe wanachinjwa, kaburi linachimbwa hapo hapo nyumbani. Na jirani aliyekosekana alikuwa anajiweka pabaya, kwa sababu watu wangeanza kujiuliza kwa nini hakuja, na jibu la haraka lilikuwa uchawi.

Utaona kwamba katika msiba ule hakuna aliyesimama kusoma wasifu. Haukuhitajika. Wakati ule Wanyakyusa waliishi kwa vijiji vya rika: mvulana akifikia umri wa miaka kumi hivi aliondoka nyumbani kwa baba, akaenda na wenzake kujenga vibanda vyao, chakula wakienda kula kwa mama zao. Walikua pamoja, wakaoa, wakazeeka katika kijiji kile kile. Basi siku mmoja wao anakufa, wanaocheza pale uwanjani wamemfahamu tangu akiwa mtoto wa kuchunga ng'ombe. Wanajua ni nani alimkimbia chui na ni nani alisimama. Ungewasomea nini watu kama hao?

Vijiji hivyo havipo tena. Leo anayezikwa Ngonga anaweza kuwa aliishi Dar es Salaam miaka thelathini. Mwili umekuja kwa gari usiku kucha, wafanyakazi wenzake wako upande mmoja wa turubai, wajomba wako upande mwingine, na kuna ndugu waliovuka mpaka wa Songwe asubuhi kutoka Karonga. Kila kundi linamjua nusu. Sasa wasifu unahitajika kuliko wakati wowote, na hapo ndipo tunapousoma kwa dakika tano.

Mnaujua wasifu wetu. Marehemu alizaliwa mwaka fulani katika kijiji fulani, akiwa mtoto wa nne kati ya saba. Alisoma shule ya msingi fulani. Aliajiriwa, akastaafu. Alianza kuugua, akapelekwa hospitali ya wilaya, akahamishiwa Mbeya, akarudishwa, mpaka umauti ulipomfika. Ameacha mjane, watoto na wajukuu kadhaa. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Karatasi inakunjwa, anaitwa mwakilishi wa chama. Angalia sehemu ipi imeelezwa kwa kina: ugonjwa. Miezi mitatu ya mwisho inapewa nafasi kubwa kuliko miaka sitini iliyotangulia, na tunaondoka tukijua dripu aliwekewa wapi ila hatujui alikuwa anacheka nini.

Kwa wanawake ni vibaya zaidi. "Marehemu alikuwa mkulima." Sentensi moja! Mama amesimama kwenye maji ya mpunga tangu msichana, anajua jaruba lipi linawahi kukauka na lipi linachelewa, mbegu ipi ya kuuza na ipi ya kuwalisha wageni, amesomesha watoto kwa magunia na kwa kakao chache za nyuma ya nyumba, amegombana na mto Kiwira kila masika. Yote hayo, mkulima. Nenda Ikombe kwa Wakisi, kule chini ya milima ya Livingstone ambako vyungu vinafinyangwa na kusafirishwa kwa mitumbwi mpaka soko la Matema. Mfinyanzi ambaye vyungu vyake vimechemsha maharage mpaka Mbeya mjini ataandikiwa "mama wa nyumbani", kwa sababu anayeandika ni mtoto wa shemeji aliyefika jana usiku na ndiye mwenye mwandiko mzuri.

Na bado kuna jambo linaloniudhi kuliko hayo. Wasifu wa kweli unasemwa pale pale msibani, ila hatuusikilizi. Sikiliza mama anayeingia akilia tangu barabarani. Halii tu. Anaongea na marehemu: uliniambia tutavuna pamoja, umeniachia nani, wewe uliyenipa kuku wako siku mwanangu aliporudishwa shule kwa ada, ulinikemea mbele ya watu na ulikuwa na haki. Katika kilio kile kuna tarehe, kuna madeni, kuna siri, kuna ucheshi hata. Wanawake wale wanafanya kazi ile ile ambayo Melbourne mtu anaisomea na kulipwa. Na katikati ya maneno yale utasikia spika: "Jamani kina mama, tunaomba utulivu, wasifu unasomwa."

Wamoravian wataniuliza kama nimewasahau. Sijawasahau, na hasa wao ndio nataka wanisikilize. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, mwaka ule ule Walutheri wa Berlin walipoingia nchi hii, na miaka michache baadaye wakawa na kituo huku chini Ipyana. Walikataza ngoma ya msibani, wakaleta nyimbo na matarumbeta. Lakini kanisa lenyewe, kule lilikoanzia Herrnhut, Ujerumani, lilikuwa na desturi ambayo ningependa tuifahamu zaidi. Tangu katikati ya karne ya 18, muumini alihimizwa kuandika habari za maisha yake mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa hai: alikotoka, aliposhindwa, alipotia shaka, alipoinuka. Siku ya kuzikwa kwake maandishi yale yalisomwa mbele ya watu wote, na aliyebaki aliongeza habari za siku za mwisho. Walioandika hawakuwa maaskofu peke yao. Walikuwemo mafundi viatu na watumishi wa ndani. Maelfu ya maandishi hayo yamehifadhiwa Herrnhut mpaka leo.

Ajabu nyingine ni makaburi yao. Kule hawakuzika kwa koo. Walizika kwa makundi: wanaume wenye ndoa mahali pao, wasichana mahali pao, chini ya mawe bapa yanayolingana, tajiri asimpite maskini. Hata tarumbeta ya kutangaza kifo ilikuwa na wimbo wa kila kundi, kwa hiyo ukiisikia unajua kwamba aliyekufa ni mjane au ni kijana. Mzee wa kijiji cha rika angeielewa desturi hiyo bila mkalimani. Kundi lilimzika mtu, na maandishi yakasema alikuwa nani ndani ya kundi. Sisi tukapokea tarumbeta, tukapokea na ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini, ambayo Wamoravian wanaifanya tangu 1732. Lile daftari la maisha likabaki ng'ambo. Mahali pake tuna karatasi moja iliyoandikwa usiku wa kuamkia maziko, na mawe bapa tumeyabadilisha kwa vigae vya Dar.

Waislamu wa Kyela nawapita haraka, si kwa dharau. Kwao maiti huwahishwa, sanda ni nyeupe kwa kila mtu, na hotuba ndefu makaburini si desturi. Mwenye lake la kusema juu ya marehemu atalisema baadaye kwenye kisomo au barazani. Kuna busara katika kuuweka msiba mfupi, na wengi wetu wenye kamati za mazishi za siku nne tungejifunza hapo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hatupendi kulisema redioni. Kyela tunayo mazishi yasiyo ya dini, na tumekuwa nayo muda mrefu. Ni ya wale ambao kanisa limewakataa. Mwenye wake watatu ambaye hakutaka kuwaacha wawili ili apokelewe mezani pa Bwana. Aliyejinyonga. Aliyekuwa nyuma kwa michango, au aliyehama dhehebu na kurudi bila kuandikishwa. Mchungaji hatokei, au anatokea kama jirani bila kuvaa joho. Suala la wenye wake wengi lina historia huku: miaka ya 1920 lilipozaliwa Kanisa la Mwisho, kule ng'ambo ya Songwe kwa ndugu zetu wa Nyasaland, na kusambaa mpaka Rungwe, moja ya mambo yaliyowavuta watu ni kwamba liliwapokea wenye wake wengi bila kuwavunjia nyumba. Naamini hesabu ya nani atanizika ilikuwamo kichwani mwao.

Msiba wa aliyekataliwa unamwacha mwenye kipaza sauti peke yake. Hana kitabu cha ibada cha kujifichia. Na nimewaona wanaoufanya vizuri. Wa kwanza ninayemkumbuka alikuwa mwalimu mstaafu. Alifika siku moja kabla, akaomba kiti, akakaa na wajane mmoja mmoja, kila mmoja kwake. Hakuuliza "marehemu alizaliwa lini". Aliuliza: alikuwa akikasirika anafanyaje? Ni nani alikuwa akimwogopa, na ni nani alikuwa hamwogopi kabisa? Ni kitu gani alikifanya kila siku ambacho kesho hakitafanywa? Siku ya maziko alisimama akasema maneno kwa Kinyakyusa kwanza, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni. Alisema marehemu alikuwa mkali kwa watoto wake na mpole kwa wa jirani, na kwamba watoto wanalijua hilo na wamekuja kumzika hata hivyo. Watu waliguna, wakacheka, wakalia. Kisha akawaachia wanawake nafasi ya kulia mpaka wenyewe wakanyamaza. Msiba ule haukuwa na mchungaji, ila heshima ilikuwapo, na wengine tuliondoka tukimwonea wivu marehemu.

Hapa lazima nitoe tahadhari, maana ukweli msibani ni kama kisu cha kumenyea ndizi, unakata na mkono. Mnakumbuka shauri la wakili S. M. Otieno wa Nairobi. Alifariki Desemba 1986, akazikwa Mei 1987, baada ya mkewe Wambui na ukoo wake wa Umira Kager kubishana mahakamani miezi mitano ni wapi alazwe. Magazeti yaliandika ugomvi wa kaburi, lakini mle mahakamani palikuwa panasomwa wasifu mbili zinazopingana. Mmoja ulikuwa wa mwanasheria wa mjini, mpenzi wa Shakespeare, aliyeachana na mambo ya kikabila. Wa pili ulikuwa wa mtoto wa Waluo ambaye hawezi kuachana nayo hata akitaka. Ukoo ulishinda, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Yeye mwenyewe hakuwa ameacha karatasi. Huku kwetu ugomvi ni mdogo zaidi lakini ni ule ule: watoto wa nje watajwe au wasitajwe? Mke wa Tunduma asimame au akae? Mwongozaji asiyeuliza mapema atayakuta majibu mbele ya watu elfu, spika ikiwa imewashwa.

Na wale waliochukuliwa na ziwa je? Julai 1946 meli iitwayo Vipya ilizama upande wa Nyasaland, huku kaskazini mwa ziwa, wakafa watu 145. Wengi hawakupatikana. Mpaka leo mtumbwi unapotea kati ya Matema na Ikombe na hakuna mwili wa kuaga, na ratiba yetu yote, kuanzia kupokea jeneza mpaka kuweka udongo, inakosa pa kushika. Katika msiba wa namna hiyo kilichobaki ni maneno peke yake. Hapo mwongozaji aliyezoea kusoma ratiba hana kazi, na mwongozaji aliyezoea kuuliza ndiye anayeubeba msiba mzima.

Siwashawishi muige mambo ya ng'ambo. Ninavyoona, hata lile neno la "msiba wa kipekee" limeshafika kwetu kwa mlango mbaya: fulana zenye picha ya marehemu, jeneza la kioo, mpiga video anayemsukuma mjane apate picha. Fulana ile ile, picha tu imebadilishwa. Linganisha na Profesa Wangari Maathai. Alipofariki Septemba 2011 alikuwa ameshasema hataki mti ukatwe kwa ajili yake, basi jeneza lake likatengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, na mwili ukachomwa. Lile la kuchoma sidhani litapita Kyela, na sijalileta ili lipite. Nimelileta kwa sababu ukilitazama jeneza lile tu unajua aliyemo ni nani.

Kwa upande wetu hatua ni ndogo. Wewe mwenye umri wangu, nunua daftari la shule, andika. Usiandike vyeo, vyeo wataviona kwenye vyeti. Na wewe mwenyekiti wa kamati ya mazishi, siku ya kwanza kabisa, kabla hujatuma mtu kuulizia turubai, tuma mmoja akakae na mjane, mwingine akakae na rafiki wa marehemu wa kilabuni, yule ambaye hamtaki apewe kipaza sauti.

Halafu tuzungumzie malipo, maana najua vijana wa mjini wananisikiliza. Nimeshika madaftari ya kamati zetu mara nyingi. Kuna viti, kuna spika na jenereta, kuna mafuta ya gari, kuna mchele, ng'ombe, mpiga video, na siku hizi kuna "mapambo". Aliyeandika wasifu hayumo. Akibahatika, ni soda. Mimi ningemlipa, na ningemlipa zaidi ya mpiga video, kwa sharti moja: aje jana yake, na aje bila karatasi iliyokwisha kujazwa.